Fimbo ya Njia Kuu ya Pili

Reli yetu imepewa vyeo vingi kuliko jenerali. Enzi za marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa stesheni masta hapa, iliitwa Njia Kuu, na kila treni yenye akili timamu ilipita mbele ya mlango wetu. Halafu wakubwa wakachoka na milima yetu na kona zetu. Wakajenga njia mpya kule bondeni, imenyooka, ina daraja refu juu ya mto, na hii yetu wakaiita Njia Kuu ya Pili. Lile neno "kuu" waliliacha kwa heshima tu, kama mke wa kwanza anavyoachiwa cheo chake na chumba cha uani. Baadaye wakaondoa treni za abiria, tukabaki na saruji na ng'ombe, kibao kikaandikwa Njia ya Mizigo. Mwisho hata ng'ombe walipata usafiri bora. Akaja fundi na ngazi yake, akang'oa kibao na kupigilia kingine: Njia ya Akiba. Akiba haiozi, wanasema wahenga, ila wahenga hao hawakuyaona mataruma yetu, yale magogo yanayobeba reli.

Reli zenyewe hazikuambiwa habari za vyeo hivyo. Ni chuma kilekile na kokoto zilezile. Waliobadilika ni wanaoandika vibao, na hao hupandishwa cheo kila wakishusha kitu cha mtu mwingine.

Nianze na mdogo wangu, maana ndiye aliyerithi kofia ya baba. Ni stesheni masta wa stesheni isiyo na treni. Kila asubuhi makao makuu walimpigia simu kumuuliza kama kuna treni yoyote iliyopita, naye akawajibu kwa adabu kwamba haijapita kwa kuwa wao hawajaileta. Wakashukuru, wakakata. Kazi ya siku imekwisha. Mimi dada yake nilikuwa na mgahawa pale pale jukwaani, na wateja wangu walikuwa wawili: yeye, ambaye halipi, na muuza ndizi, ambaye hulipa kwa ndizi. Tuliishi na mama yetu katika nyumba ya reli nyuma ya ofisi.

Na kaka yetu je? Huyo tulimwita Mkuu, hata mama alimwita hivyo, kwa jinsi alivyokuwa mkuu. Ni mzaliwa wa kwanza, tena msomi, na pale makao makuu mjini ndiye anayeendesha treni zote za ile njia iliyonyooka. Tangu treni za abiria ziondolewe kwetu hakuwahi kukanyaga nyumbani. Kila mama akimpigia alijibu jibu lilelile, kwamba mama, ningekuja hata leo, lakini huko hakuna usafiri, na barabara yenyewe gari langu litaacha tumbo njiani. Aliyeondoa huo usafiri ni nani? Tusiulizane. Mama alikuwa akituliza moyo kwa maneno hayo, akiyarudia kwa kila anayepita. Mkuu angekuja, ila treni hakuna. Akisema hivyo mimi nilikuwa napuliza moto ili nisijibu.

Sasa niwaeleze habari ya fimbo. Upande wa mjini reli ni mbili, lakini kutoka kwetu hadi stesheni ya jirani, ng'ambo ya mlima, ni moja tu, na treni mbili zikikutana humo hakuna pa kupishana. Kwa hiyo wazee wa reli walichonga fimbo moja ya mti mgumu, wakaivika kofia ya shaba kichwani, wakaweka na sheria moja: dereva asiye na fimbo mkononi haingii. Akifika upande wa pili anaikabidhi kwa stesheni masta wa huko, naye anampa dereva wa treni inayokuja huku. Fimbo ni moja, kwa hiyo treni ndani ni moja, na watu wanafika wazima. Kule njia mpya wana taa na kompyuta. Sisi tuna mti.

Treni zilipokwisha, fimbo ikatundikwa ukutani ofisini, ikawa inakula vumbi. Wakati huohuo goti la mama likaanza kumsumbua. Mdogo wangu akaitazama fimbo, akamtazama mama, akaona hapa pana viwili vinavyofaana. Tangu hapo mali ya reli ikawa inakwenda bafuni, inafukuza kuku, inagonga mlango wangu nikichelewa kuamka. Kila asubuhi mama alisimama kizingitini, akanyoosha mkono bila kutazama, na mwanawe akamtia fimbo kiganjani huku akiendelea na mambo yake. Ilikuwa desturi yao, wala hawakuzungumza. Mikono yao ilishajuana.

Ndipo zikaja mvua. Mto wa bondeni ukapanda, ukalibeba lile daraja refu na kwenda nalo unakokujua wenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, lakini nani asikilize wazee wakati ana kompyuta? Asubuhi yake simu ya ofisini ililia, na safari hii haikuwa ya kuulizia. Treni zote zitapita kwenu, walisema, kuanzia leo, tengenezeni mambo. Mdogo wangu alipiga saluti mbele ya simu. Nilimwona kwa macho yangu.

Jamani, treni zilikuja. Za abiria, za mafuta, za makontena, zile ambazo tulikuwa tukizisikia kwenye redio tu. Moja inakwenda, moja inakuja, kwa zamu, fimbo ikizunguka kutoka mkono hadi mkono. Chai nilikuwa nachemsha kwa ndoo. Muuza ndizi alinunua viatu. Na fundi wa vibao naye hakukosa, alifika na ngazi yake akapigilia kipya kabisa: Njia Kuu ya Muda. Mama ilibidi anyang'anywe fimbo, akachongewa nyingine ya mti wa kawaida. Aliipokea, akaipima mkononi, akasema hii ni nyepesi mno, mtu hajui kama ameshika kitu.

Lakini kilichomfurahisha mama hakikuwa chai wala viatu vya muuza ndizi. Usafiri umepatikana. Alianza kufua mapazia. Alinituma nipake chokaa chumba cha mbele, alikaanga karanga akazijaza kwenye kopo, na kila treni ikitoka upande wa mjini alikuwa amesimama jukwaani amejifunga kanga yake mpya. Nilimwambia akae ndani, Mkuu akija si ataingia, au amesahau mlango? Akasema nimwache.

Na kweli Mkuu alikuja. Wiki ya pili tuliambiwa kwamba treni ya ukaguzi itapita na wakubwa watakuwemo. Mama alioga alfajiri. Treni ikaja polepole, maana lazima dereva apunguze mwendo apokee fimbo, na mdogo wangu akainyanyua juu jinsi baba alivyokuwa akifanya. Behewa la wakubwa likapita mbele yetu mwendo wa mtu anayetembea. Kaka yetu alikuwa dirishani, simu sikioni. Akatuona. Akainua kiganja, vile mtu anavyowainulia watu waliosimama kando ya barabara asiowajua, akaendelea na simu yake. Treni ikashika mlima. Mama alibaki amesimama na kopo la karanga mpaka moshi ukapotea.

Jioni alipiga simu. Alisema ratiba ilibana, na kwamba mama alipendeza. Mama akamjibu anaelewa, kazi ni kazi. Usiku huo hakula, na mimi niliumia kwa hasira mpaka nikavunja kikombe, kisha nikaumia tena maana kikombe kilikuwa changu.

Siku chache zikapita. Mama akawa anauliza maswali madogo madogo ya upole. Hii ya asubuhi inakwenda moja kwa moja mpaka mjini? Na gadi wake ni yule mrefu? Nikadhani anajipumbaza. Nawakumbusha tu kwamba mama ni mjane wa stesheni masta. Alilala kitanda kimoja na sheria za reli tangu aolewe hadi anafiwa, na hakuna aliyehitaji kumfundisha fimbo ni kitu gani.

Basi asubuhi moja treni ya kwenda mjini ikashuka kutoka mlimani. Dereva akamkabidhi mdogo wangu fimbo, kama inavyotakiwa, ili aje ampe dereva wa treni kubwa iliyokuwa njiani kutoka mjini. Bendera mbili kwapani, fimbo mkononi, simu inalia ofisini, abiria wanagombea ndizi, nami nimezama kwenye ndoo yangu ya chai. Mama akatokea mlangoni na mkoba wake. Akanyoosha mkono bila kutazama. Na mdogo wangu, akili yake yote ikiwa kwenye simu inayolia, akafanya kile mkono wake ulichozoea kufanya kila asubuhi. Akamtia mama fimbo kiganjani, akakimbilia ndani.

Mama akapanda treni. Gadi mrefu ndiye aliyemshika mkono, tena akamtafutia kiti cha dirishani.

Treni kubwa ikafika kutoka mjini ikiwa imejaa pomoni, na behewa zima la waheshimiwa waliokuwa wakienda kufungua kitu fulani. Dereva akatoa mkono nje kupokea fimbo. Mdogo wangu akatazama mkono wake mwenyewe, akautazama wa dereva. Kisha akaanza kutafuta. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya mlango, kwenye gunia langu la mkaa. Kule ng'ambo ya mlima stesheni masta mwenzake naye alikuwa na treni ya mafuta inayosubiri fimbo hiyohiyo ivuke ndipo iondoke. Nyuma ya treni kubwa ikaja nyingine ikasimama, na nyuma yake nyingine. Reli ya nchi nzima ikawa imekaa kitako mbele ya mgahawa wangu. Sitasema uongo, chai ilitoka.

Simu ilipolia alikuwa Mkuu mwenyewe, anafoka mpaka sisi wa nje tulimsikia. Mdogo wangu alikuwa amekauka, na alichokuwa akikiona mbele yake ni kufukuzwa kazi na sisi wote kutolewa kwenye nyumba ya reli. Wakati huo muuza ndizi alikuwa ameshaninong'oneza alichokiona. Nikamnyang'anya mdogo wangu mkonga wa simu.

"Fimbo iko wapi?" alikuwa akiuliza kaka.

"Iko kwa mama," nikamwambia.

"Na mama yuko wapi?"

"Amekuja kukutembelea. Usafiri umepatikana."

Simu ikakatwa upande ule. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kukatiwa simu namna ile.

Yaliyotokea mjini nilisimuliwa na mama, na yale aliyoyaruka alinijazia dereva aliyewarudisha. Mama alishuka stesheni kuu, akauliza njia, akatembea pole pole na fimbo yake hadi makao makuu. Pale mapokezi msichana akamwambia Mkuu haonani na mtu leo, kuna dharura, treni zimekwama. Mama akasema hana haraka. Akakaa kwenye benchi, fimbo ameilaza mapajani, akatoa kopo la karanga akamkaribisha msichana. Juu yao, ghorofani, mwanawe alikuwa akiwapigia simu watu wote wa reli kuwauliza fimbo iko wapi. Alipoachana nami aliteremka ngazi mbili mbili, tai imegeuka mgongoni, akamkuta mama amekaa chini ya picha yake mwenyewe Mkuu, ile ya kupokea tuzo.

"Nimeambiwa una dharura," mama alimwambia. "Maliza kwanza, mwanangu."

Kaka alinyoosha mkono kuichukua fimbo. Mama akairudisha kifuani. Alimkumbusha, kwa sauti ya chini kabisa, sheria ya baba yake: fimbo haitumwi, haiachwi mezani, haipewi mpita njia. Inatoka mkononi mwa aliyeipokea na kuingia mkononi mwa stesheni masta. Yeye ndiye aliyeipokea, na ataikabidhi mwenyewe. Wasomi wengine wa reli walikuwa wamekusanyika pale mapokezi, na hakuna aliyesogea kumsaidia, maana mama mzima huwezi kumkaba mbele ya watu umnyang'anye mkongojo.

Ndivyo Mkuu alivyorudi nyumbani. Alikuja juu ya kichwa cha treni kitupu, bila behewa hata moja, amesimama karibu na dereva, na mama amekalia kiti cha msaidizi na kanga yake inapepea. Abiria wa treni kubwa, waliokuwa wameshakunywa chai mpaka wanachukia chai, walipiga makofi. Mama akashuka, akamkabidhi mdogo wangu fimbo kwa mikono miwili, naye akampa dereva, na reli ya nchi ikaanza tena kupumua. Kaka aligeuka haraka arudi na kichwa chake mjini. Kumbe treni kubwa ilikuwa imepoa kwa kusimama, haiwezi mlima peke yake, na kile kichwa kimeshaunganishwa nyuma kuisukuma. Treni nyingine ya kumrudisha lazima itoke ng'ambo ya mlima, na haiwezi kuja mpaka fimbo ivuke na kurudi. Hiyo ni sheria ya reli, na yeye ndiye mkuu wa hiyo sheria.

Akabaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliingia chumba cha mbele akainamisha kichwa mlangoni, ingawa mlango si mfupi. Alikula nilichompa. Aliuliza bei ya saruji huku kwetu, aliuliza kama paa linavuja, maswali ya mtu anayekagua stesheni. Halafu uchovu ukamshinda, akalala palepale kwenye kochi na viatu vyake, mdomo wazi. Mama akavuta kigoda akakaa karibu naye, akawa anamfukuzia nzi kwa ncha ya kanga. Alasiri yote hakufanya kingine.

Nitasema ukweli. Niliona wivu, na ulinichoma. Mimi ndiye ninayemchemshia maji ya kuoga. Mdogo wangu ndiye anayembeba goti likigoma. Sisi tupo kila siku, na mtu aliyepo kila siku hafuliwi mapazia. Nilisimama mlangoni na sinia la vyombo vichafu, nikitaka kuligongesha makusudi ili huyo mheshimiwa aamke. Mama akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Uso wake ulikuwa wa msichana. Nikapita kwa vidole vya miguu, mimi niliyevunja kikombe.

Treni ya mafuta iliposhuka na fimbo, kaka alipanda nayo. Aliahidi atakuja tena mwisho wa mwezi, sasa usafiri si upo. Kuhusu kukwama kwa reli ya nchi, redio ilisema palikuwa na hitilafu ya kiufundi. Mdogo wangu hakufukuzwa, kwa sababu ili umfukuze lazima ueleze hitilafu hiyo ilizaa watoto wangapi na mmoja wao ana ofisi wapi. Alionywa kwa mdomo, akaonyeka.

Mwisho wa mwezi alikuwa na mkutano. Uliofuata alikuwa na mafua. Huku nyuma daraja jipya lilikuwa linajengwa usiku na mchana, yeye ndiye msimamizi, na nasikia hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa moyo kama ile. Treni zetu zikaanza kupungua. Ikaondoka ya makontena, ikafuata ya mafuta. Muuza ndizi akarudi kwenye ndala. Fundi wa vibao alikuja, safari hii na kibao kirefu mpaka akahitaji misumari ya ziada: Njia ya Akiba ya Kimkakati. Nikamuuliza kimkakati maana yake nini. Akasema yeye anapigilia tu.

Siku treni ya mwisho ilipopita, mama alikuwa amekaa jukwaani kwenye kiti chake, na mimi najaribu kukumbuka jinsi ya kupika chai ya watu wawili. Simu ya mdogo wangu ikalia. Alikuwa Mkuu, anamtaka mama, na kwa kuwa mama hasikii vizuri tuliiweka kwa sauti kubwa, tukamsikia wote. Alikuwa na furaha ya kitoto. Alieleza nguzo za daraja zimechimbiwa mpaka wapi, chuma kimetoka nchi gani, wataalamu wangapi wamelipima. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga vigelegele.

"Hili, mama, si kama lile," alisema. "Mvua inyeshe isinyeshe, maisha yako yote hutasikia tena kwamba limevunjika."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi nzuri."

Akamrudishia mdogo wangu simu huku sauti ya kaka ikiendelea kueleza habari za zege. Kisha akaniomba nimsaidie kuingiza kiti ndani.